Bonde la Langtang kwa waliokwisha kupanda Kilimanjaro

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61. Mwaka juzi mimi na mume wangu tulifika kilele cha Uhuru kwa njia ya Marangu, na sasa tunataka kutembea katika bonde la Langtang, nchini Nepal. Kampuni moja imetupa ratiba ya siku saba: gari kutoka Kathmandu hadi Syabrubesi, kisha kulala Lama Hotel, kijiji cha Langtang na Kyanjin Gompa, siku ya tano kupanda kilele cha Tserko Ri, siku ya sita kurudi Syabrubesi, na ya saba Kathmandu. Je, kwa kuwa Kilimanjaro tulikimudu, ratiba hii inatufaa?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Bonde mlilochagua linawafaa sana, lakini ratiba hiyo siwashauri muikubali kama ilivyo. Kasoro yake kubwa haiko kwenye urefu wa mwendo, bali mahali mtakapolala usiku wa tatu.

Lama Hotel, ambayo ni kituo chenye nyumba kadhaa za wageni msituni, iko kwenye mita 2,400 na ushei kutoka usawa wa bahari, ilhali kijiji cha Langtang kiko kwenye mita 3,430. Kwa hiyo mtapandisha malazi yenu kwa takriban mita 1,000 kwa siku moja. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba, ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale. Mchana mnaweza kupanda juu zaidi kisha mkashuka, na kufanya hivyo husaidia mwili kuzoea hewa nyepesi ya juu.

Najua mtaniambia kuwa kwenye njia ya Marangu mlitoka kambi ya Mandara, mita 2,720, mkalala kambi ya Horombo, mita 3,720, na bado mkafika kileleni. Ni kweli, lakini watu wengi huumwa kichwa usiku ule, na ndiyo sababu waongoza watalii wenye uzoefu hupendekeza siku ya ziada pale Horombo. Isitoshe, mwili ukishashuka hupoteza mazoea ya hewa nyepesi ndani ya wiki chache, hivyo safari ya mwaka juzi haiwapi kinga. Faida yake ni kwamba mnajua nani kati yenu aliumwa zaidi, na ratiba ipangwe kwa kumfikiria huyo.

Ningewapangia siku kumi. Kutoka Lama Hotel mlale Ghodatabela, kwenye mita 3,000 hivi, kisha mwende Langtang kwa mwendo mfupi ambao utawaachia mchana mzima wa kupumzika. Kijiji cha zamani kilifukiwa na maporomoko ya barafu na mawe katika tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, na wenyeji wakajenga upya nyumba za wageni jirani na hapo. Naomba mpite kwa utulivu na mlale kwao, kwa sababu fedha hiyo inawafikia moja kwa moja. Kyanjin Gompa, mita 3,870, mlale usiku tatu. Siku ya kwanza kamili pandeni kilele cha jirani cha Kyanjin Ri hadi mtakapoweza na mshuke. Tserko Ri, yenye karibu mita 5,000, iwe ya siku ya pili, na iwe kwa yule tu aliyeamka bila kichwa kuuma na mwenye hamu ya chakula.

Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida, msipande tena mpaka hali itulie, na ikizidi mshuke. Kuna kipimo rahisi cha kutambua hatari: mwambie mwenzako atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba, au akihema sana hali ameketi, ashushwe saa ileile, hata kama ni usiku. Kuhusu Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, mwoneni daktari wenu mapema, hasa kama kuna dawa za shinikizo la damu mnazotumia au mzio wa dawa za salfa.

Tangu Aprili 2023 Nepal inawataka wageni wanaotembea milimani katika hifadhi zake wawe na mwongoza watalii mwenye leseni. Ombeni kuiona leseni hiyo, na muulize pia wapagazi wanabeba kilo ngapi, wana bima gani na wanavaa nini kwenye baridi. Nyinyi mnaotoka kwenye mlima wenye kikomo cha kilo 20 mnajua kwa nini swali hili ni la msingi.

Bima yenu isomeni neno kwa neno. Nyingi huishia mita 3,000 au 4,500, na Tserko Ri imevuka zote mbili; hakikisheni pia kwamba uokoaji wa helikopta umeandikwa waziwazi.

Nendeni Oktoba au Novemba, au mwishoni mwa Machi hadi Aprili. Mvua za Juni hadi Septemba huleta maporomoko ya udongo kwenye barabara ya Syabrubesi, na hata nje ya msimu huo safari ya gari ni ya kuchosha, kwa hiyo acheni siku moja ya akiba Kathmandu kabla ya ndege ya kurudi nyumbani.