Maswali ya Wasomaji: Je, Mkemia Bado Ana Kazi Katika Kunasa Kaboni Dioksidi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma shahada ya kwanza ya kemia, mwaka wa tatu. Nimekusudia kuingia katika utafiti wa vitu vinavyonasa kaboni dioksidi, lakini mhadhiri wangu mmoja ameniambia kuwa kemia ya jambo hili ilikwisha zamani, na kwamba kilichobaki ni kazi ya wahandisi wa mitambo. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nijifunze nini kwanza?

JIBU: Mhadhiri wako amesema kweli nusu. Njia ya kuosha gesi kwa amini, yaani kampaundi za nitrojini ambazo zikiyeyushwa katika maji hushikana na kaboni dioksidi, ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1930 kwa jina la Robert Bottoms, na viwanda vinaitegemea hadi leo. Hata hivyo, ugumu wa kazi hii hauko katika kuinasa gesi bali katika kuiachilia. Mmumunyo wa kawaida una monoethanolamini, mojawapo ya amini hizo, kiasi cha asilimia 30, na karibu yote yanayosalia ni maji. Ili gesi itoke, mmumunyo mzima hupashwa moto hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi, yakiwemo maji hayo ambayo hayakunasa chochote. Joto hilo kwa kawaida huchukuliwa kutoka katika mtambo uleule ambao moshi wake unasafishwa, kwa hiyo sehemu ya nguvu iliyokusudiwa kuzalisha umeme huishia hapo.

Mhandisi anaweza kupunguza hasara hiyo kwa kupanga mabomba na vikanza vyema zaidi, lakini hawezi kubadili nguvu ya kifungo kati ya nitrojini na kaboni. Kifungo hicho kikiwa imara mno, gharama ya joto hupanda. Kikilegea mno, gesi hupita pamoja na nitrojini ya hewani kana kwamba hakuna kilichowekwa njiani. Tena kipimo kinachofaa mahali pamoja hakifai kwingine, kwa sababu moshi wa makaa ya mawe huwa na kaboni dioksidi asilimia 12 hadi 15, ilhali hewa tunayovuta ina sehemu 420 hivi tu katika milioni. Kutafuta kipimo hicho ni kemia tupu, na haijakwisha.

Njia mojawapo ya kukitafuta ni kuunda viunzi, yaani fuwele zenye vitundu ambamo gesi huingia na kunaswa. Kisa ninachokipenda zaidi katika fani hii ni cha mkemia Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Mwaka 1974 alikuwa akiandaa mipira ya mbao ili wanafunzi waunde vielelezo vya molekuli, akatambua kuwa matundu yakishatobolewa mahali panapostahili, umbo la molekuli hujitokeza lenyewe. Wazo hilo alikaa nalo zaidi ya miaka kumi kabla ya kulijaribu kwa ayoni za shaba, na mwaka 1989 akachapisha fuwele yenye nafasi tele ndani yake. Fuwele zake zilikuwa dhaifu. Mkemia wa Japani, Susumu Kitagawa, alionyesha mwaka 1997 kuwa gesi inaweza kuingia na kutoka katika viunzi vya namna hiyo bila kuvibomoa, na mwaka 1999 mkemia Omar Yaghi akatangaza MOF-5, kiunzi cha metali na molekuli za kaboni, ambayo hubaki imara hata ikiwa tupu na kupashwa moto hadi nyuzi 300. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025.

Mwaka 2024 kundi la Yaghi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilieleza kuhusu COF-999, kiunzi kisicho na metali, chenye amini zilizofungwa ndani ya vitundu vyake, kinachonasa kaboni dioksidi kutoka hewani na kuiachilia kwenye nyuzi 60 tu. Linganisha na zile 120.

Kuhusu masomo, shikilia kemia isokaboni (inorganic chemistry) na thamodinamiki, kisha ujifunze kusoma muundo wa fuwele kwa eksirei. Ukipata nafasi ya uzamili, chagua maabara inayopima ufyonzaji wa gesi yenyewe, kwa sababu anayetengeneza vitu na kuwapelekea wengine wavipime huchelewa sana kuelewa kosa lake. Na sampuli yako ya kwanza usiipime kwa gesi kavu pekee. Moshi wa kweli umejaa mvuke wa maji, na viunzi vingi vilivyosifiwa kwenye karatasi hujaza vitundu vyao maji badala ya kaboni dioksidi. CALF-20, kiunzi cha zinki kilichotoka katika Chuo Kikuu cha Calgary, kimefika viwandani kwa sababu huipokea gesi hii hata penye unyevu, ingawa vipo viunzi vingine vinavyobeba kiasi kikubwa zaidi gesi ikiwa kavu. Pima penye unyevu, rudia mizunguko mingi ya kunasa na kuachilia, kisha ndipo umwonyeshe mhadhiri wako matokeo.