Kuhusu kuanza utafiti baada ya shahada ya jiolojia

Mdogo wangu, umeuliza kama baada ya shahada ya kwanza uombe uzamili moja kwa moja au utafute kazi kwanza. Ukipata hata miezi sita ya kazi ya uwandani, ichukue. Pendekezo la utafiti huandikika vizuri zaidi ukishajua data inavyokusanywa, na inavyoharibika.

Kosa linaloua kazi nyingi za uwandani ni viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali ulipo. Ramani zetu za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi, lakini GPS yako kwa kawaida inasoma WGS84, mfumo wa dunia nzima. Ukivichanganya, nukta zinahama takribani mita 300, zaidi kaskazini-kusini, na mpaka wa miamba unaangukia shambani kwa mtu! Andika mfumo kwenye kila ukurasa wa daftari. Kwenye UTM, mpangilio unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita, Dar ni kanda ya 37 Kusini.

Sampuli nayo: banja ganda lililooza mpaka ufikie mwamba mbichi. Feldspa, madini ya kawaida kwenye miamba, ikishageuka udongo wa mfinyanzi, sodiamu na kalsiamu zimeshaondoka, basi majibu ya maabara yatakusomea hali ya hewa badala ya mwamba. Namba iandike kwenye jiwe, kwenye mfuko na daftarini.

Mazoezi hayahitaji safari ndefu. Pugu kuna mchangatawe wenye kaolini, ule udongo mweupe wa mfinyanzi, Kunduchi kuna mawe ya matumbawe. Chora ramani ndogo kwa QGIS, programu ya kompyuta ya ramani, ni bure, kisha uiambatishe unapomwandikia msimamizi wa uzamili. Barua isizidi ukurasa mmoja, na swali la utafiti liwe moja tu.