Waini "ya kike" ni pombe kama bia. Dada, usiende Njiro

Usiende. Umeandika kwamba umeacha bia tangu Pasaka, na Ijumaa hii mashosti wanakutoa Moshi mje ladies night Njiro, huku Arusha, waini bure kwa wanawake hadi saa nne. Unauliza uvae nini, mtarudije usiku ule, na kama waini itakuharibia, maana wamekwambia waini si kama bia. Itakuharibia!

Mimi niliambiwa hayohayo nikiwa nimeacha kama wewe. Binti wa promosheni, fulana ya pinki, chupa mkononi: "Hii ya kina dada, nyepesi tu." Chupa yenyewe imeandikwa asilimia 12. Piga hesabu. Mililita 750 kwa asilimia 12 ni mililita 90 za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Yaani chupa moja ya hiyo "nyepesi" inazidi bia tatu na nusu. Tena bia unaihesabu, chupa tupu zimepangwa mezani zinasubiri bili. Waini mhudumu anakuongezea kabla glasi haijakauka, hujui umefika ya ngapi. Usiku ule mmoja ulinirudisha kwenye pombe mwaka mzima. Kazi ikaota mbawa, mwanangu akahamia kwa bibi yake Kibosho, na mpaka leo akienda huko likizo, ikiisha analia hataki kurudi kwangu.

Yule binti simlaumu, analipwa kwa siku. Waliomtuma ndio wanaonichefua. Hawatupendi hao, dada. Sisi tunajaza ukumbi bure ili wanaume wafuate na pochi zao. Na wanajua mwili wa mwanamke una maji machache, kiasi kilekile kinatupanda haraka kuliko mwanaume na ini letu linawahi kuumia. Pombe inasababisha saratani ya matiti, hilo limethibitishwa, lakini Marekani kuna kampuni zimeuza pombe zenye utepe wa pinki wa kampeni ya saratani hiyohiyo. Utu uko wapi?

Nimebaki na sheria moja, nayo nakupa: panapomiminwa bure kwa sababu wewe ni mwanamke, usikanyage. Hata kwa soda. Hata kwa nusu saa ya kumpongeza shosti.

Wakinuna wanune. Ijumaa jioni hamu ikikushika niandikie PM, nitakuwa macho.