Jaji Landis Hakuishia Kwenye Faini

Kila muhula ninaposahihisha insha za mwaka wa kwanza kuhusu Jaji Kenesaw Mountain Landis, jaji wa mahakama ya shirikisho ya Marekani, nakuta simulizi imekomea pale pale: Agosti 3, 1907, mjini Chicago, Landis anaitoza kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya Indiana faini ya dola 29,240,000, magazeti yanamshangilia, insha inaisha. Wanangu, mmeiacha kesi njiani. Nimechoka kuandika maneno yale yale pembezoni mwa karatasi zenu, kwa hiyo nayaweka hapa.

1. Hesabuni makosa kabla ya kuhesabu adhabu. Kampuni ilishitakiwa chini ya Sheria ya Elkins ya 1903, iliyokataza punguzo la nauli ya reli chini ya bei iliyotangazwa, kwa kusafirisha mafuta kwa reli kutoka Whiting, Indiana, hadi East St. Louis kwa senti 6 kwa kila ratili 100, ilhali bei iliyotangazwa ilikuwa senti 18. Sheria iliruhusu faini ya dola 1,000 hadi 20,000 kwa kila kosa. Landis alilihesabu kila behewa kuwa kosa linalojitegemea, akapata makosa 1,462, kisha akayatoza yote kiwango cha juu kabisa. Chukueni kalamu mzidishe: jibu litatoka lile lile, dola 29,240,000. Hesabu haina kasoro. Kasoro imo katika tafsiri ya sheria aliyoijengea hesabu hiyo. Julai 1908 Mahakama ya Rufaa, kwa kalamu ya Jaji Grosscup, ilisema kwamba idadi ya mabehewa si idadi ya makosa. Ilimkosoa pia kwa kukataa ushahidi kwamba kampuni haikuijua bei halali, na kwa kuiadhibu kampuni yenye mtaji wa hisa wa dola 1,000,000 kana kwamba aliyesimama kizimbani ni kampuni mama ya New Jersey, ambayo haikuwa mshitakiwa. Hukumu ikatenguliwa, kesi ikasikilizwa upya mbele ya jaji mwingine, na Machi 1909 kampuni ikaachiwa bila kulipa hata senti. Jambo hili linaniuma kila ninapolifundisha, kwa sababu hasira ya Landis ilikuwa na msingi: aliona tajiri akisafirisha kwa theluthi ya bei, akamwita John D. Rockefeller mwenyewe, mwanzilishi wa Standard Oil, atoe ushahidi mahakamani. Lakini hasira ya haki ikabebeshwa adhabu ambayo sheria haikuweza kuihimili, na aliyenufaika ni mshitakiwa. Someni uamuzi wa rufaa kwanza, ndipo mwirudie hukumu.

2. Hati ya kiapo ya kumkataa jaji isomwe yote. Victor Berger, msoshalisti wa Milwaukee, na wenzake wanne, waliposhitakiwa mbele ya Landis, waliapa kwamba jaji huyo ana chuki dhidi ya Wamarekani wenye asili ya Kijerumani. Landis alikataa kujitoa, akasikiliza kesi, akawafunga miaka 20 kila mmoja. Mnamo 1921 Mahakama ya Juu ilitengua: kazi ya jaji ni kupima kama hati inatosheleza matakwa ya sheria, na haimpasi kuamua mwenyewe kama madai yaliyomo ni ya kweli.

Msimdharau Landis kwa hayo. Kijana huyu aliacha shule ya sekondari, akajifunza hati mkato, akawa mwandishi wa kumbukumbu mahakamani huko Indiana, na alipomaliza shule ya sheria mwaka 1891 alikuwa tayari ameshawasikiliza mawakili wengi kuliko wengi wenu mtakaowasikia kabla ya kuapishwa.

3. Pangeni tarehe kwa mfuatano. Januari 1915 ligi changa ya besiboli, Federal League, ilizishitaki ligi kubwa mbele ya Landis. Alikaa na shauri bila kulitolea uamuzi hadi pande hizo zilipopatana Desemba. Novemba 1920 wamiliki wa timu za ligi zile zile walimchagua kuwa kamishna wa besiboli, yaani msimamizi mkuu wa mchezo huo, kwa dola 50,000 kwa mwaka, na kwa kuwa alibaki jaji, mshahara wake wa serikali wa dola 7,500 ukakatwa humo. Chama cha Wanasheria cha Marekani kilimlaani mwaka 1921. Alijiuzulu ujaji mwaka 1922. Insha inayozitaja tarehe hizi mahali tofauti, moja ukurasa wa pili na nyingine wa saba, haiwezi kuona kwamba watu aliowaacha bila uamuzi ndio waliokuja kumwajiri. Mkishazipanga, endeleeni na kesi ya klabu ya Baltimore ya Federal League, iliyokataa mapatano yale na kufika Mahakama ya Juu mwaka huo huo wa 1922.