Ukivunjika na una osteopetrosisi, mpunguzie daktari pupa

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia kwamba mdogo wake, mwenye osteopetrosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kuwa mizito na migumu kupita kiasi, amejikwaa kizingitini na kuvunjika paja. Kwenye eksirei mifupa inaonekana myeupe pe, na daktari kawaambia wasiwe na wasiwasi, mifupa migumu namna hii itaunga upesi. Nilipofika hapo damu ilinichemka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi.

Nina osteopetrosisi ya kurithi, ile ambayo mara nyingi hutokana na kasoro kwenye jeni ya CLCN7. Mwilini kuna seli zenye kazi ya kula mfupa wa zamani ili mpya ujengwe mahali pake. Zangu zipo tele, ila hazili. Wa zamani haung'olewi, mpya unaongezwa, hadi tundu la uboho linabanwa. Ndiyo maana mfupa wangu ni mzito, mgumu, na hukatika kama chaki, mara nyingi kwa kukingama, hasa sehemu ya juu ya paja.

Nilipovunjika paja, hospitali ya kwanza niliwaeleza haya yote kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Daktari akatabasamu tu. Akaamua kunipitishia fimbo ya chuma ndani ya mfupa, kama afanyavyo kwa kila mtu. Atapitisha wapi, na tundu limeziba? Nilipozinduka kwenye nusu kaputi niliambiwa keekee imekatikia ndani na wameamua kunifunga kwanza. Kesho yake akapita wodini na wanafunzi wake, akawaambia kwa sauti kwamba mfupa wangu umemharibia vifaa. Wakacheka. Sijasahau, na sidhani kama nitasahau.

Daktari wa pili alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikaa na picha zangu, akaagiza ncha nyingi za keekee, akapanga kutumia bamba la chuma na skrubu. Nilichomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo nilisikia kila kitu: keekee inazunguka polepole, inasimama, maji ya chumvi yanamwagwa kuipoza, kisha "Badilisha," na nesi anampa ncha nyingine. Maana ukitoboa mfupa huu kwa pupa, mfupa wenyewe unapata moto, unakufa pembezoni mwa skrubu, na skrubu inalegea. Upasuaji ulichukua muda mrefu mno. Lakini leo natembea, tena bila gongo, na yule aliyecheka ningependa anione.

Miezi ya kusubiri siisimulii, haina utamu. Mfupa wetu huchelewa kuunga, wakati mwingine haungi kabisa, basi usikanyage kwa sababu tu maumivu yamepoa. Subiri picha iseme.

Sasa wewe uliyeniandikia. Mwulize daktari kama amewahi kumpasua mwenye ugonjwa huu. Mwulize ana ncha ngapi za keekee. Mwulize atafanya nini tundu likiwa limeziba. Akikasirika, mwulize tena. Upasuaji si lazima kila mara. Kwa watoto hasa, mivunjiko mingi hutibiwa kwa plasta. Damu nayo ipimwe mapema, kwa sababu uboho uliobanwa unaweza kukuacha na upungufu wa damu, na vidonda vyetu hushambuliwa na vijidudu kirahisi. Vivyo hivyo na meno: kung'oa jino bila maandalizi kunaweza kuozesha taya. Na mtu asikuandikie dawa za wazee wenye mifupa myepesi, kama denosumabu. Zile kazi yake ni kuzizuia seli zilezile ambazo kwetu zimeshagoma.

Ndugu zangu, tuache unyenyekevu usio na faida. Daktari amesoma, sawa, lakini ugonjwa huu ni nadra na wengi wao wameukuta kitabuni tu. Wewe unaishi nao. Sema, na ukipuuzwa sema mbele ya nesi, sema mbele ya ndugu zako, omba iandikwe kwenye faili.

Kuna wanaoniuliza pia kuhusu kutoa chuma baada ya kupona. Kama hakiumi wala hakina usaha, kiache. Kukitoa kwenye mfupa huu ni kazi ngumu kuliko kukiweka, na paja linaweza kukatika upya palepale kwenye matundu ya skrubu. Changu kimo hadi leo, na daktari akinitajia kukitoa namwuliza kinamsumbua nini yeye.