Kabla hujanunua modemu nyingine, katizame ncha ya waya

"Dada, taa ya US kwenye modemu yangu inapepesa usiku kucha. Nimeambiwa modemu imekufa, ninunue nyingine. Nina mahojiano ya kazi Alhamisi. Nifanye nini?"

Ujumbe huu umenifikia Jumapili usiku kutoka kwa binti mmoja wa Kisauni ambaye hatujawahi kuonana. Niliusoma kifua kikanibana, maana maneno yake ni yale yale niliyokuwa nikiyasema mimi mwaka jana mwezi wa tano, nimekaa kitako chini hapa Tudor, Mombasa, saa saba za usiku, modemu i mapajani. Nimemjibu kwa ufupi asinunue kitu chochote. Jibu refu ndilo hili, na naliweka hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Wewe unayesoma pengine nawe riziki yako imepita kwenye waya: unafundisha, unaandika, unatafsiri, unachora, au bado unatafuta mteja wa kwanza. Sisi sote mtandao ukikatika ni sawa na mvuvi kupasukiwa na ngalawa.

Mimi nafundisha Kiswahili kwa wageni. Nilianza na mwanafunzi mmoja wa Hamburg, nikafika kumi na mmoja, wote kwa mdomo, huyu akimwambia yule. Nyumba tunayoishi ni ghorofa ya tatu, mtaa upepo wa bahari unaingia dirishani bila hodi. Mafundi walikuja wakavuta kebo nyeusi nene, ile inayofanana na ya dishi, kutoka kwenye nguzo ya barabarani hadi juu ya paa, ikashuka ukutani hadi sebuleni, wakaifunga kwenye modemu. Taa zikawaka zote. Nilitia sahihi, wakaenda zao. Muda wote ule sikuuliza swali hata moja, na hilo ndilo ninalojutia mpaka leo, kwa sababu siku ya kufungwa ndiyo siku pekee fundi anakuwa mbele yako bila wewe kumbembeleza.

Kwa hivyo kama ndiyo kwanza unafungiwa, simama naye. Ile kebo ina kichwa cha chuma chenye uzi wa kuzungusha. Kikazwe kwa mkono mpaka kigome, halafu spana namba 11 ikisukume kidogo tu, kisivunje kitako cha modemu. Ukiwasha, taa hufuatana: kwanza ya stima, halafu DS inatafuta mawimbi yanayoshuka kwako, halafu US inajaribu kujibu juu kwa kampuni, mwisho ile ya kuonyesha umeingia mtandaoni. Mara ya kwanza inaweza kuchukua hata nusu saa kwa sababu modemu inapakua programu yake kutoka kwa kampuni, kwa hiyo usiizime katikati ukidhani imekwama. Chini ya modemu kuna kibandiko chenye namba ya MAC, yaani namba ya kuitambulisha modemu. Namba hiyo lazima isajiliwe kwa kampuni, vinginevyo taa zote zitawaka na hutapata kitu. Kisha jaribu kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya wa Ethaneti kabla hujashika habari za waifai. Na ukihamisha waya huo kutoka kompyuta kwenda kwenye ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, zima modemu uiwashe tena, maana nyingi hukishika kifaa cha kwanza zilichokiona na hazitaki kingine mpaka zianze upya.

Hayo yalinipita. Miezi minane mambo yalikuwa mazuri, alhamdulillahi, mpaka masika ikaingia na kusi ikaanza kuvuma. Kila ikifika usiku taa ya US inaanza kupepesa, picha ya mwanafunzi inaganda mdomo wazi, sauti inakatika, dakika tatu, inarudi. Nikapiga simu. Zima, uwashe. Nikazima, nikawasha. Siku ya pili, zima uwashe. Siku ya tano nikaambiwa kebo ya baharini ina hitilafu, nivumilie.

Hapo nataka niseme jambo. Sababu ya bahari huwa ya kweli. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kule pwani ya Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima tukaumia. Mwaka 2012, mwezi wa pili, nanga ya meli iliikata kebo ya TEAMS hapa hapa nje ya bandari yetu. Lakini bahari ikikatika, inatukatikia sote. Jirani yangu wa ghorofa ya kwanza, kampuni hiyo hiyo, alikuwa akitazama mpira bila kukwama. Kwa hivyo nilijua nadanganywa, ila sikuwa na cha kujibu, na mtu asiye na cha kujibu huishia kununua vitu. Nilinunua ruta mpya Mwembe Tayari. Nikanunua na kile kidude cha kurefusha waifai. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu waifai haikuwa na kosa lolote.

(Wenye nyumba za Mji wa Kale msinielewe vibaya: kuta zenu za mawe ya matumbawe ni habari nyingine. Waifai ya 5 GHz hupenya kuta zile kwa shida sana. Tumieni ya 2.4 GHz, au vuteni waya wa Ethaneti hadi chumba cha pili. Lakini hilo ni shida ya ndani ya nyumba, na utaijua kwa kuwa kompyuta iliyoungwa kwa waya haikatikatiki.)

Kisha fundi akaja. Baba watoto wakati huo alikuwa safarini, ni mtu wa meli. Nikaanza kumweleza fundi: inakatika usiku, taa ya US, tangu mvua. Hakuninyanyulia hata macho. Akasema, "Mama, hebu niitie mzee wa nyumba nizungumze naye." Nikamwambia mzee wa nyumba leo ni mimi. Akacheka, akachomoa modemu, akairudisha, taa zikawaka, akasema shida ni watoto wanachezea waya. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni anasikia. Saa mbili baadaye mtandao ukakatika tena, nami nilikuwa kwenye somo la majaribio na ofisi moja ya huko Ujerumani, watu wanane waliotaka kusoma pamoja kwa mwaka mzima. Walinisubiri dakika kumi. Barua yao ilikuwa ya adabu. Walipata mwalimu mwingine.

Naandika haya mwaka umepita na mkono bado mzito. Lakini mficha uchi hazai. Usiku ule nilimpigia mtoto wa kakangu, yuko chuoni, nikamwambia baba, nisaidie, nimechoka kudharauliwa. Akaniuliza, "Shangazi, namba zako zinasemaje?" Namba gani? Akaniambia nifungue kivinjari niandike 192.168.100.1. Nikaandika. Ukafunguka ukurasa uliokuwa ndani ya modemu siku zote hizo, umejaa majedwali, na hakuna mtu aliyewahi kunitajia kuwa upo.

Mambo matatu ndiyo ya kutazama pale. Nguvu ya mawimbi yanayoshuka hupimwa kwa dBmV, na unataka iwe karibu na sifuri, baina ya -7 na +7. Yangu ilikuwa -13. La pili ni usafi wa mawimbi, yaani yamezidi kelele kwa kiasi gani. Unataka 33 kwenda juu, yangu ilikuwa 28. La tatu ni nguvu ambayo modemu inatumia kujibu juu. Ikiwa 35 hadi 49 imetulia. Yangu ilikuwa 53: modemu ilikuwa inapiga kelele kwa nguvu zake zote na kule kwa kampuni wanaisikia kwa mbali, kama mtu anayeita mashua akiwa ng'ambo ya kivuko na upepo unamrudishia sauti mdomoni. Ndiyo maana US ikipepesa. Modemu yangu ilikuwa nzima kabisa. Waya ndio uliokuwa unaikaba.

Asubuhi nikapanda paani. Nilimwomba mama mwenye nyumba ufunguo, akanipa huku akiniuliza kama nimeamua kuwa fundi. Pale kebo ya nguzoni inapokutana na ya nyumbani palikuwa na kiungo cha chuma kimelala juu ya saruji, hakikufungwa na chochote. Nilikifungua kwa spana. Tone la maji lilidondoka kidoleni, nikaonja, chumvi. Ule waya wa shaba wa katikati, unaotakiwa uwe mwekundu unaong'aa, ulikuwa umefanya kutu ya kijani kama senti ya zamani iliyozikwa mchangani, na wavu wa chuma uliouzunguka ulivunjika vunjika nilipougusa, ukawa ungaunga mweusi. Miezi minane tu ya hewa ya Mombasa. Nilikaa pale juu nimeushika ule waya, naangalia maji ya Tudor yanavyometameta. Kebo za TEAMS na SEACOM zilifika mji huu mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, zimepita chini ya bahari maelfu ya kilomita kuja kuibukia ufukweni kwetu, na mimi nilikuwa nakosa kazi kwa sababu ya kichwa cha chuma kidogo kuliko kifundo cha kidole.

Sikuishia hapo. Nilifuata kebo ikishuka mpaka nyuma ya kabati la sebuleni, nikakuta spilita ya matundu manne, yaani kidude cha kuugawa waya mmoja kwenda vifaa vinne. Mpangaji wa zamani alikuwa na televisheni kila chumba. Mimi nina modemu moja tu, matundu matatu yako wazi. Spilita ya matundu manne inakula kama desibeli 7 za nguvu ya mawimbi, ukitumia usitumie. Ya mawili inakula karibu tatu u nusu. Na kila desibeli 3 zikipotea, nusu ya nguvu imekwenda. Nikaitoa, nikaunganisha waya kwa waya. Namba ikapanda papo hapo kutoka -13 hadi -6.

Fundi aliporudi, yule yule, nilikuwa na daftari mkononi. Tarehe, saa, namba tatu, kwa siku nne mfululizo. Sikumpandishia sauti. Nilimsomea. Nikamwambia nataka akate ncha zote mbili za paani mpaka apate shaba safi, atie vichwa vipya vya kubana vya kuzuia maji, avifunge kwa mpira, na waya auache ulegee kidogo chini ya kiungo ili maji ya mvua yadondokee pale yasifuate waya kuingia ndani. Alinyamaza. Halafu akapanda, akafanya kila kitu. Aliposhuka tukaufungua ukurasa pamoja: -2, 37, 43. Akasema, "Mama, umenifunza." Nilimkaribisha mahamri na chai akaketi, na binti yangu safari hii pia alikuwa amesimama mlangoni.

Sasa wanangu, na hasa nyinyi wanawake mnaofanya kazi majumbani na kuambiwa muite mzee wa nyumba: acheni kuogopa kifaa kilicho mezani kwenu. Fungueni ukurasa ule leo, wakati mtandao ni mzima, muandike namba. Siku ukiumwa, daktari atakuuliza joto la mwili lilikuwa ngapi jana. Andikeni kwenye karatasi, msitegemee simu. Kila mwezi mtu apande akatizame ncha ya waya. Spilita usiyoitumia itoe. Ncha ikifanya kijani, ikatwe. Nasema tena, ncha ya waya kwanza, ruta mwisho. Watu wanatupa maelfu ya shilingi kwa ruta na kijani kiko juu ya paa kinawangoja.

Na kama umefanya hayo yote, ncha safi, spilita hakuna, na namba bado mbaya, basi tatizo liko kwenye nguzo au mbele yake, na hapo ni jukumu la kampuni. Wapigie, wasomee namba, usikubali zima-uwashe kwa mara ya tatu. Kama namba ni nzuri lakini kasi inaanguka saa mbili usiku na kurudi saa sita, hiyo ni kebo ya mtaa mzima mnaigawana na wenzako wote wanatazama vipindi; pia ni juu yao kuongeza nafasi. Na kama modemu inazimika na kuwaka yenyewe, tizama adapta. Stima yetu ikirudi baada ya kukatika hurudi kwa kishindo, na adapta ndiyo hufa kwanza. Iweke kwenye soketi yenye kinga.

Binti yangu wa Kisauni, leo ni Jumatatu, tuna siku tatu. Kesho asubuhi kabla jua halijawa kali panda juu na mtu wa kukushikia ngazi. Beba spana namba 11 na kitambaa kikavu. Piga picha ncha ya waya kwa karibu, halafu fungua 192.168.100.1 upige picha na ukurasa ule, unitumie zote mbili. Mwanafunzi wangu wa Hamburg huingia saa nne za usiku na tunamaliza saa tano. Nitakuwa macho.