Mabaka ya aleji yanayokuja na kuondoka: shika kalamu kwanza, usikimbilie kumlaumu pweza

Dada uliyeuliza kuhusu mumeo anayeamka kajaa mabaka na mdomo umevimba, adhuhuri ikifika kasafika kama hakuwa na kitu: pale uliposema mmeshamwachisha pweza, mayai na maziwa, nimecheka kwa uchungu. Mie niliachishwa hata urojo.

Naishi Wete, Pemba. Yangu yalianza msimu wa karafuu. Usiku nawashwa kama nimemwagiwa upupu, alfajiri jicho moja halifunguki. Wengine walisema kijicho, wengine damu chafu. Duka la dawa moja likanipa prednisoloni, vidonge vya steroidi. Siku tano raha tupu, nilipomaliza yakarudi kwa hasira. Nikahangaika hivyo miezi saba.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja wa Chake Chake, kwa kalamu ya wino tu. Alizungushia mabaka mawili mkononi, akaandika saa pembeni: 4:20. Hadi Isha duara zote mbili ziko tupu, ngozi laini, na mapya yameota pajani. Basi hiyo ndiyo urtikaria: baka moja moja halimalizi saa 24 mahali pake, hata kama ugonjwa wenyewe unaendelea miezi. Baka likiganda zaidi ya siku, likauma kuliko kuwasha, likaacha alama kama ya kupigwa, hilo ni jambo jingine na huenda akatwe kipande kidogo cha ngozi kipimwe. Mpige picha asubuhi, maana mkifika kliniki hakutakuwa na cha kuonyesha.

Yakipita wiki 6 yanatoka karibu kila siku, chakula huwa si chanzo mara nyingi. Aleji ya chakula hujitokeza mapema, ndani ya dakika au saa mbili hivi, na hurudi kila ukila kitu kile kile. (Jodari aliyeshinda juani ni kesi yake: histamini, kemikali ile ile inayoleta muwasho wa aleji, inajijenga ndani ya samaki, moto hauiondoi, na sinia zima mnaweza kuwa wekundu na kichwa kinagonga.)

Khalafu akaniuliza nameza dawa gani. Nikajibu hakuna. Nani huhesabu diklofenaki ya mgongo kuwa dawa? Nilikuwa naimeza kila nikishuka mkarafuu. Hiyo, ibuprofeni na aspirini huyachochea mabaka kwa baadhi yetu. Nikahamia panadoli. Hayakwisha, ila uso uliacha kuvimba.

Kilichonituliza ni setirizini, kidonge cha aleji, ya miligramu 10, kila siku, yawepo mabaka yasiwepo. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuimeza nikishawashwa. Kimoja hakikutosha, daktari akapandisha. Inaweza kufika hata vinne kwa siku, lakini apandishe yeye, si wewe wala muuza duka. Piritoni nayo inasaidia, ila mie ilinilaza mpaka nikapitiwa na Alfajiri. Mwaka wa pili yakaondoka yenyewe, na mpaka leo sijui yalitoka wapi.

Mumeo ana presha? Shangazi yangu alivimba ulimi bila baka hata moja, na setirizini haikufua dafu. Ilikuwa enalaprili, dawa ya presha aliyokuwa akiitumia miaka. Kaptopril na lisinoprili ni jamaa moja. Kama anatumia mojawapo, nendeni siku hiyo hiyo na vidonge mkononi, abadilishiwe.

Na sauti ikikwaruza, akashindwa kumeza mate, kifua kikabana, au akatapika na kuona kizunguzungu, msisubiri kidonge kifanye kazi. Hospitali usiku huo huo, achomwe adrenalini ya paja.

Leo akitokwa, mzungushie mawili matatu, uandike saa. Kesho tuambie yalifutika saa ngapi, na umuulize vizuri anameza nini mgongo ukimuuma.